Haibridi yenye misuli na mazingira: Harrier, Outlander au Aqua?

Mwaka 2007, ASA, chombo kinachosimamia matangazo ya biashara nchini Uingereza, kilizuia tangazo la Lexus RX 400h, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Tangazo liliahidi mambo matatu kwa mpigo: mwendo wa nguvu, moshi kidogo, na dereva asiye na la kujilaumu. Kwa vipimo rasmi vya Ulaya gari hilo lilitoa gramu 192 za hewa ukaa kwa kila kilomita. Kwa gari la juu la petroli lenye nguvu farasi 272, hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini lipange mstari mmoja na magari yote yanayouzwa, madogo kwa makubwa, utalikuta bado lipo upande wa wachafuzi. ASA ikaona msomaji wa tangazo angepotoshwa.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunalijua gari hilo kwa jina jingine. Japani liliuzwa kuanzia 2005 kama Toyota Harrier Hybrid, na baada ya miaka michache likaanza kuteremka bandarini Dar es Salaam na Mombasa likiwa limeshatumika, na injini yake ya V6 (silinda sita) ya lita 3.3 tumboni. Leo barabara zetu zina haibridi za kila umbo, na swali la Waingereza limehamia kwetu: mtu anayependa gari lenye nguvu anaweza kununua haibridi na kusema kwa haki kwamba amejali mazingira?

Sina jibu moja kwa watu wote. Ninachoweza ni kuyaweka magari kwenye mizani ileile ili kila mtu ajipime na safari zake.

Tunalinganisha nini

Kundi la kwanza ni haibridi kubwa inayojichaji yenyewe. Humo yumo Harrier, iwe ile ya lita 3.3 au ya lita 2.5 iliyotoka 2014 na nguvu farasi 197. Yumo Lexus RX 450h mwenye V6 ya lita 3.5, yumo Crown Hybrid ya 2.5 yenye nguvu farasi 220.

Kundi la pili ni haibridi ya kuchomeka waya kwenye soketi, ile inayoitwa PHEV. Kwa bei za kwetu, anayeonekana zaidi ni Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa Japani mwanzoni mwa 2013. Juu kabisa ya ngazi hiyo yuko BMW M5 wa 2024, V8 na mota ya umeme vikitoa pamoja nguvu farasi 727.

Kundi la tatu ni haibridi ndogo: Toyota Aqua ya nguvu farasi 100, Nissan Note e-Power na wenzao. Hawa hawana misuli. Nimewaweka kwa sababu ukiwaacha nje, magari makubwa yatajilinganisha yenyewe kwa yenyewe, na hapo kila moja litaonekana safi.

Pembeni nimeegesha Prado ya dizeli. Hiyo haishindani. Ni kumbukumbu ya kile ambacho mnunuzi wa gari la juu angekinunua kama haibridi isingekuwepo.

Vigezo ni vitano: mafuta yanayoungua kwa mwaka mzima, umeme unatoka wapi na kama utachajiwa kweli, uzito na nguvu, betri na uzee wake, na mwisho, gari hili linachukua nafasi ya lipi. Kigezo hiki cha mwisho ndicho wauzaji hawakigusi, na kwangu kina uzito kuliko vyote.

Kwanza, haibridi inaokoa nini

Inaokoa kwa njia tatu. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo ingepotea kama joto. Ukisimama kwenye foleni, injini inazima. Na kwa kuwa mota ipo kusaidia kuondoka, injini yenyewe inaweza kuundwa kwa mzunguko wa Atkinson, wenye nguvu kidogo ya kuondokea lakini unaotumia vizuri kila tone.

Hiyo ni akiba. Mhandisi ndiye anayeamua aitumie wapi. Akiitumia yote kwenye mafuta, anapata Aqua. Akiigawa, anapata Harrier. Akiimwaga yote kwenye nguvu na anasa, anapata kitu kama Lexus LS 600h ya 2007: V8 ya lita tano, haibridi, na bado gramu 219 kwa kilomita. Herufi ndogo ya "h" nyuma ya buti haikuambii akiba imekwenda wapi. Takwimu za mafuta na uzito ndizo zinazokuambia.

Mafuta

Hapa tunahitaji kubadili namna ya kuhesabu. Sisi tumezoea kuuliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Kipimo hicho kinadanganya macho, kwa sababu hatua kutoka kilomita 14 hadi 22 inaonekana kubwa kuliko hatua kutoka 8 hadi 12. Geuza hesabu, uone lita zenyewe.

Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari kubwa la petroli linalokwenda kilomita 8 kwa lita litaunguza lita 1,875. Ndugu yake wa haibridi akienda kilomita 12 kwa lita, ataunguza 1,250. Umeokoa lita 625. Sasa chukua gari dogo la petroli la kilomita 14 kwa lita: lita 1,070 kwa mwaka. Haibridi ndogo ya kilomita 22 kwa lita: kama 680. Hapo umeokoa lita 390.

Kwa hiyo wanaosema kufunga haibridi kwenye gari kubwa ni usanii mtupu wanakosea. Teknolojia ileile inaokoa lita nyingi zaidi ikiwekwa kwenye gari linalokunywa sana. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa, basi lita 625 ni karibu tani moja na nusu ambayo haikwenda angani.

Ila soma tena hesabu hiyohiyo kwa upande wa pili. Haibridi kubwa imeunguza lita 1,250, ndogo 680. Anayetoka kwenye Aqua akapanda Harrier Hybrid kwa kujisifu kwamba "nayo ni haibridi" amekaribia kuzidisha mafuta yake mara mbili.

Kuhusu namba za kiwandani, usizibebe kama zilivyo. Aqua ilipimwa Japani kwa kilomita 35.4 kwa lita, Harrier ya 3.3 kwa kilomita 17.8 kwa kipimo cha zamani zaidi. Hapo hakuna joto la Dar, hakuna kiyoyozi kinachowaka toka asubuhi, hakuna mguu mzito. Aqua ikikupa 22 katikati ya jiji, usilalamike.

Barabara nayo ina neno lake. Haibridi inang'aa kwenye foleni, kwa sababu huko kuna kusimama na kuondoka kila dakika. Ukishaingia barabara ya Morogoro na kushikilia mwendo wa 110, breki haziguswi, injini haizimi, na akiba kubwa inayeyuka. Kwenye mwendo huo kinachokula mafuta ni upepo, na gari refu la juu linaubeba upepo mwingi kuliko kigari kifupi, liwe haibridi au lisiwe. Mtu ambaye kilomita zake nyingi ni za mkoani, Prado ya dizeli na Harrier Hybrid zinasogeleana zaidi kuliko anavyodhani, ingawa Harrier bado inabaki mbele.

Outlander nimemtenga, maana hesabu yake inamtegemea dereva kuliko gari. Akichaji kila siku na theluthi mbili za safari zake zikawa za umeme, kilomita 5,000 tu kati ya zile 15,000 zitatumia petroli: kama lita 455 kwa mwendo wa kilomita 11 kwa lita. Hiyo ni chini ya Aqua. Asipochaji kabisa, lita 1,360. Hiyo ni juu ya haibridi kubwa ya kawaida, kwani anabeba betri nzito isiyofanya kazi yake. Gari ni lilelile.

Wazungu wameshalipima jambo hili barabarani. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kutoka kwenye kompyuta za magari yenyewe: haibridi za kuchomeka zilikuwa zikitoa hewa ukaa karibu mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti vyao. Magari ya petroli ya kawaida yalizidi kwa asilimia 24 hivi tu. Miaka miwili kabla yake, taasisi ya utafiti ya ICCT ilikuwa imeonyesha sababu mojawapo: wenye magari yao binafsi walitembea kwa umeme kwa asilimia 45 hadi 49 ya safari, na wenye magari ya kampuni kwa asilimia 11 hadi 15 tu.

Hiyo ya magari ya kampuni haihitaji profesa kuieleza. Kama ofisi inakujazia mafuta kwa kadi na umeme wa nyumbani unanunua mwenyewe, ni nani atakayechomeka waya jioni atafune uniti za familia? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka faida ya Outlander sharti achomeke waya kila siku.

Umeme

Makundi ya kwanza na ya tatu hayahusiki hapa. Umeme wao wote unatokana na petroli waliyojaziwa. Hilo ni kasoro na pia ni unafuu: hakuna soketi, hakuna kukatika umeme, hakuna visingizio.

Kwa Outlander na jamaa zake, mahali unapoishi panabadili kila kitu. Tuchukulie gari la ukubwa huo linatumia uniti 25 kwa kilomita 100 ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Umeme wa makaa ya mawe unatoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa uniti moja. Zidisha: kilo 25 kwa kilomita 100, sawa na kuunguza lita 11 za petroli. Mtu wa Johannesburg, ambako umeme mwingi bado unatokana na makaa, hafaidi chochote cha kujivunia.

Kenya ni habari nyingine. Karibu asilimia 90 ya umeme wake ni jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Uganda inategemea maji ya Nile, na bwawa la Karuma la megawati 600 limeongeza kwenye yale yaliyokuwepo. Tanzania iliegemea gesi ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi, lakini tangu mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 2,115, ikamilike 2025, umeme wa maji umeipita gesi. Jamaa zetu wa Maskati bado wanachaji kwa gesi. Kwa kifupi, haibridi ya kuchomeka ina maana zaidi Nairobi, Kampala na Dar kuliko kwenye miji mingi tajiri ambayo ilibuniwa kwa ajili yake, na hili huwa silisikii likisemwa.

Kiutendaji, Outlander ya betri ya uniti 13.8 inahitaji saa tano au sita kwenye soketi ya ukutani yenye waya mzuri. Lala, amka, imejaa. Gari lililotumika likikupa kilomita 40 za umeme, anayekaa Mbezi Beach anafika Posta na kurudi bila injini kuwaka. Anayekaa Kitengela na kufanya kazi katikati ya Nairobi atawasha petroli njiani, labda apate pa kuchajia kazini.

Lakini soketi iwe yako. Mpangaji wa ghorofa ya nne anayeegesha gari uani kwa watu, waya wake utapita dirisha la nani?

Uzito na nguvu

Watu wengi wanaojali mazingira huanza kwa kulaani nguvu farasi. Nadhani wanalenga ndege asiye wao. Angalia Prius. Ile ya 2022 iliyouzwa Marekani ilikuwa na nguvu farasi 121. Iliyofuata ikapewa 194, ikawa na kasi ya kushangaza, na kwa vipimo vya huko ilibaki kwenye kilomita 24 hivi kwa lita, sawa na bora ya kizazi kilichotangulia. Nguvu iliongezeka kwa asilimia 60 na mafuta hayakupanda. Kwenye haibridi, injini kubwa usiyoihitaji inaweza kuzimwa, na mota inatoa msukumo papo hapo bila kukuadhibu siku nzima.

Kilo hazizimiki. Kila unapoondoka unazisukuma, kila mlima unazipandisha, kila kona matairi yanazishikilia. Aqua ina kilo 1,080. Harrier ya 3.3 na Outlander PHEV zote ziko jirani na tani 1.9, na Prado imewapita. Kisha kuna M5 mpya: kilo 2,435, karibu nusu tani zaidi ya M5 iliyotangulia ambayo haikuwa haibridi. Cheti chake kinasoma lita 1.7 hivi kwa kilomita 100, namba ambayo hata bodaboda ingeionea wivu. Lita hizo zinapatikana kwenye kipimo kinachodhani umechaji kwa bidii. Mwenye M5 asiyechaji amenunua V8 yenye mzigo wa betri mgongoni, na kodi za Ulaya kwa muda mrefu zimekuwa zikimtendea kama mwanaharakati wa mazingira. Tangu 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kurekebisha kanuni ya kipimo hicho.

Uzito pia unatafuna matairi, na vumbi la tairi linaishia kwenye mapafu na mitaro yetu. Kwa haki niseme kwamba haibridi zote, kubwa kwa ndogo, zinatoa vumbi dogo la breki kwa sababu mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo.

Halafu kuna madini. Betri ya Aqua haifiki uniti moja. Ya Outlander PHEV za kizazi cha kwanza ni uniti 12 hadi 13.8, ya M5 inapita 18. Betri nyingi za lithiamu zinatumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, maeneo ya Kolwezi na jirani zake, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Toyota wamekuwa wakidai kwamba madini ya gari moja la umeme la masafa marefu yanatosha haibridi sita za kuchomeka au tisini za kawaida. Wana biashara yao ya kutetea, tuwaelewe, lakini hoja haiondoki: betri kubwa isiyochajiwa ni madini ya Kolwezi yaliyotolewa ardhini bure.

Betri na uzee

Kwetu hiki ndicho kigezo kinachoamua kama gari litaendelea kuwa haibridi au litageuka jina tu. Tunanunua magari yenye umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila kwa ushuru wa ziada. Ndiyo maana Harrier ya 3.3 bado unaikuta Dar kwa bei ya kuvutia, na ndiyo maana betri zake nyingi zimechoka.

Habari njema ni kwamba betri ya Toyota ya aina hii imeundwa kwa vipande vidogo vinavyopangwa pamoja, na fundi mwenye vifaa anaweza kupima kimoja kimoja na kubadilisha vilivyokufa. Habari mbaya ni kwamba kipande kipya kati ya vizee hakikai muda mrefu, na wapo wanaouza viraka kwa bei ya seti nzima.

Kinachoua betri hizi mapema mara nyingi ni kitu kidogo sana: vumbi. Kuna feni inayozipoza, inavuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma. Anayepita barabara ya vumbi kila siku, au anayerundika mizigo na mazulia juu ya tundu hilo, anazipika betri taratibu. Kusafisha feni na chujio lake ni kazi ya saa moja gereji. Ukiiacha, gari linaanza kutegemea injini zaidi na zaidi, na siku moja unagundua Harrier yako inakunywa kama haina betri kabisa, huku bado unawaambia watu ni haibridi.

Outlander ana ugonjwa wake. Betri ikizeeka, kilomita za umeme zinapungua. Zile za kwanza za 2013 na 2014 zilitangazwa kwa kilomita 60 kwa kipimo cha Japani, usizitegemee sasa. Kifaa cha kusoma hali ya betri kinapatikana, na fundi asiye nacho asikuhakikishie chochote kwa kulisikiliza gari tu.

Aqua inafuata kanuni zilezile za Harrier, ila betri ni ndogo, vipande ni vichache na bei ya kubadilisha ni ya kubebeka. Hiyo nayo ni faida ya mazingira: gari linalotengenezeka kwa bei ya mwenye nalo halitelekezwi uani.

Linachukua nafasi ya lipi?

Rudi kwenye Prado iliyoegeshwa pembeni. Mtu aliyekuwa ameshaamua Prado kwa ajili ya kwenda kazini mjini na kupeleka watoto shule, akabadili mawazo na kuchukua Harrier Hybrid, amefanya jambo la maana. Watu wanaomcheka wakisema "ungechukua Aqua" hawakumsikiliza. Aqua haikuwa mezani kwake.

Mtu aliyekuwa na IST inayomtosha, akaiuza kununua RX 450h kwa sababu za mazingira, ajitafutie sababu nyingine. Zipo nyingi halali: anaipenda, ana mgongo mbovu, amepanda cheo. Mazingira si mojawapo.

Kuna pia Prado ambayo hakuna haibridi ya kundi lolote inayoiweza. Harrier na Outlander zinaendesha magurudumu ya nyuma kwa mota ya umeme, kifaa kizuri kwa lami yenye maji na changarawe. Kwa tope la masika la Makete na gari limejaa, mota hiyo itakuacha njiani. Kama hayo ndiyo maisha yako ya kila wiki, nunua gari linalofika.

Kila moja linamfaa nani

Haibridi kubwa inayojichaji inamfaa mwenye familia na mizigo, anayekaa sana kwenye foleni, asiye na pa kuchajia. Kati ya Harrier mbili, ningechukua ya 2.5 bila kusita: nguvu ya kutosha, mafuta kidogo, betri changa zaidi. Ile ya 3.3 ni tamu (inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde nane), ila utamu huo una bili mbili, sheli na gereji.

Haibridi ya kuchomeka inamfaa mwenye nyumba yenye soketi na safari fupi zinazojirudia, mwenye tabia ya kukumbuka. M5 na jamii yake inamfaa mpenda magari mwenye uwezo, nami sina ugomvi naye mradi asiniletee cheti cha lita 1.7.

Haibridi ndogo inamfaa yeyote ambaye kiti cha nyuma kinakaa kitupu siku nyingi za mwaka. Ukijihesabu kwa ukweli, ni wengi kuliko wanaokubali. Udhaifu wake ni kukaa chini sana: matuta yetu na mashimo ya mtaani yatalikwangua tumbo.

Kwa hali yako

Unakaa kwako Dar, Nairobi au Kampala, una soketi, na safari ya kila siku haizidi kilomita 40: Outlander PHEV iliyopimwa betri itakupa gari la juu lenye nguvu kwa uchafuzi mdogo kuliko Aqua. Hapa nguvu na mazingira zinakaa nyumba moja.

Umepanga ghorofani: achana na ya kuchomeka, hata ikiwa rahisi. Chagua Harrier 2.5 au Aqua kulingana na idadi ya watu unaowabeba.

Unapewa gari na ofisi: kabla ya kuomba ya kuchomeka, zungumza na mhasibu kama umeme wa kuchajia utarudishwa. Wakikataa, omba haibridi ya kawaida.

Unakwenda Dodoma mara kwa mara kutoka Dar: treni ya umeme ya SGR inafika huko tangu 2024. Panda hiyo kwa safari ndefu, na nunua haibridi ndogo ya mjini. Mchanganyiko huo unazishinda haibridi zote nilizotaja, na utafika ukiwa umelala.

Shamba liko mbali na njia ni mbaya: Prado, bila aibu. Tunza injini yake, usiipeleke sokoni kununua mkate.

Tayari una Harrier ya 3.3: usikimbilie kuiuza ili ununue jipya. Chuma chake kilishatengenezwa na hewa ukaa yake ya kiwandani ilishatoka. Safisha feni ya betri, jaza upepo matairi, pima vipande vya betri, punguza safari za bure.

Na kama pesa iko mkononi ila moyo umegawanyika, mwambie muuzaji mambo mawili kabla ya kushikana mikono: unataka ripoti ya betri iliyosomwa na kifaa, siyo kwa mdomo, na unataka kuliendesha nusu saa kwenye foleni kiyoyozi kikiwa kinawaka, uone injini inazima mara ngapi. Akianza kukuambia gari ni la mama mmoja mwalimu wa Yokohama aliyekuwa analitumia Jumapili tu, mshukuru na uende kwa jirani yake.